Siku 180

Nimekuwa kimya muda mrefu, najua. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimekufa au nimeoa. Hapana kwa yote mawili. Nilikuwa nahama nyumba, na mnajua kuhama kulivyo: unaanza kufunga vitu saa mbili asubuhi, saa sita mchana bado umekaa sakafuni unasoma barua za miaka iliyopita. Ndivyo nilivyokutana na pasi yangu ya zamani, ile yenye jalada lililobabuka. Katikati yake kuna muhuri wa Meksiko, na juu ya muhuri mtu ameandika namba kwa kalamu ya bluu, kwa haraka, kama daktari anavyoandika dawa: 180.

Nimewahi kuahidi hapa kwamba siku moja nitaeleza habari ya namba ile. Leo ni siku hiyo.

Ilikuwa Desemba 2022. Nilikuwa nasoma Texas, mabweni yanafungwa wakati wa Krismasi, na sikuwa na hamu ya kulala tena kwenye kochi la mjomba wangu Houston wiki nne nzima. Mwenzangu mmoja darasani akaniambia kwa nini usiende Meksiko ukajifunze Kihispania, vyumba ni rahisi. Nikacheka. Mtanzania kwenda Meksiko anahitaji viza, na viza mnajua wenyewe, barua ya benki, barua ya mwajiri, barua ya babu yako. Jamaa akaniambia angalia vizuri. Nikaangalia. Kumbe mtu mwenye viza hai ya Marekani, awe Mtanzania awe wa wapi, haombi viza ya Meksiko. Unanunua tiketi unakwenda. Yaani mlango wa nyumba ya jirani unafunguliwa kwa ufunguo wa nyumba nyingine. Nikaondoka kabla hawajabadilisha mawazo.

Uwanja wa ndege kijana mmoja wa uhamiaji alichukua pasi yangu akaanza kupekua. Akapita ukurasa wenye mihuri ya Namanga, akapita mingine mitupu, akafika kwenye stika ya Marekani, akasimama. Akauliza kama nimekuja kutembea. Nikasema ndiyo, wiki tatu. Sijui kama alinisikia. Aligonga muhuri, akaandika 180, akanirudishia. Nusu mwaka! Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ishirini, nina bahasha ya vielelezo kwapani, na sikuifungua. Nilitoka pale natembea haraka haraka kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi dukani.

Nilipanga chumba Ajijic, mji mdogo kando ya ziwa Chapala, kama saa moja hivi kwa gari kutoka Guadalajara. Chapala ndilo ziwa kubwa kuliko yote Meksiko, ingawa mtu wa Mwanza akiliona atauliza kubwa liko wapi. Hali ya hewa ni kama ya Arusha mwezi wa tano bila mvua. Na wazungu, jamani. Wamarekani na Wakanada wazee kila kona, na mbwa wao, na kofia zao za jua, na ubao wa matangazo ya duka ulioandikwa Kiingereza mtupu. Mwenye nyumba wangu alikuwa mmoja wao: mama wa miaka 71 kutoka Ohio, aliyewahi kuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee. Aliniambia nimwite kwa jina lake. Nikashindwa. Kumwita mtu wa umri ule jina lake kavu kavu, mdomo wangu haukukubali. Nikamwita Bibi. Akauliza maana yake, nikamweleza, akapenda, na kufika Krismasi majirani wa Kimeksiko nao walikuwa wakimwita Bibi.

Nyumba yenyewe hakuwa mmiliki, alipanga kwa peso 7,000 kwa mwezi na kunipangisha mimi chumba cha uani. Alikuwa pale tangu 2013. Miaka tisa. Na kwa miaka yote tisa, kwa mujibu wa makaratasi yake, alikuwa mtalii.

Hapa inabidi nieleze sheria kidogo, mnivumilie.

Meksiko ilitunga sheria mpya ya uhamiaji mwaka 2011, na ikaanza kufanya kazi kikamilifu Novemba 2012 kanuni zake zilipoanza kutumika. Zamani kulikuwa na makaratasi ya FM3 na FM2 ambayo wazee wa Ajijic bado wanayataja kama wazee wetu wanavyotaja shilingi ya Mwalimu. Sheria mpya ikarahisisha: kuna mgeni, kuna mkazi wa muda, kuna mkazi wa kudumu. Mgeni asiyefanya kazi ya kulipwa nchini anaruhusiwa kukaa hadi siku 180. Mmarekani haombi viza kwa hilo. Anafika mpakani au uwanjani, anajaza fomu iitwayo Forma Migratoria Múltiple, FMM kwa kifupi, afisa anaandika idadi ya siku, basi. Kwa ndege ada imo ndani ya tiketi. Kwa barabara wakati ule ulilipia, isipokuwa kama unakaa siku saba au pungufu. Tangu 2022 viwanja vikubwa vya ndege vilianza kuachana na karatasi, wanagonga muhuri tu kama walivyonigongea mimi, lakini mipaka ya nchi kavu iliendelea na fomu.

Sasa rudia kusoma sentensi ile. Hadi siku 180. Neno lenye kazi pale ni hadi. Kwa miaka mingi maafisa walikuwa wanaandika 180 kwa kila mtu bila kuinua macho, na Wamarekani wakalisahau neno lile. Wakawa wanasema "viza yangu ya miezi sita" wakati hawakuwa na viza yoyote, na miezi sita haikuwa yao. Ilikuwa ya afisa, aliwapa kwa hiari yake. Bibi aliniambia tangu siku ya kwanza: "Sisi tuna miezi sita hapa." Tuna. Kama mtu anavyosema tuna kiwanja Goba.

Na zoea lile ni la zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili wanajeshi wa Marekani waliorudi nyumbani walilipiwa masomo na serikali yao, na wengine wakagundua kwamba fedha ile San Miguel de Allende, mji mwingine wa milimani, inasomesha sanaa na kulisha na kubaki. Wakaenda, wakaita wenzao. Chapala hivyo hivyo. Baadaye kukawa na mtindo: unakaa siku zako 180, siku ya 178 unapanda basi hadi mpakani, unavuka, unakunywa kahawa upande wa pili, unageuka, unaingia tena na karatasi mpya. Kuna watu wamefanya hivyo miaka ishirini. Hata gari lina hesabu hiyo hiyo: ukilileta la namba za Marekani hadi ndani ya nchi unaliombea kibali cha muda katika benki ya jeshi, unaweka dhamana ya dola mia mbili hadi mia nne kutegemea umri wa gari, na kibali kinakufa siku ambayo karatasi yako inakufa. Jirani wa Bibi alikuwa na gari la namna hiyo. Alilitunza tarehe zake kuliko alivyotunza presha yake.

Mwaka 2021 na 2022 mambo yakaanza kubadilika. Hakuna sheria mpya iliyotangazwa. Ni maafisa tu walioanza kuinua macho. Unakaa wapi? Tiketi ya kurudi iko wapi? Mbona pasi yako ina mihuri yetu kumi na sita? Na kalamu zikaanza kuandika 30, 15, hata 7. Na karatasi ile, ndugu zangu, haiongezwi muda. Wala huwezi kuibadilisha kuwa ukazi ukiwa ndani ya nchi, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na mke, mume au mtoto wa Kimeksiko. Kila mtu mwingine anatakiwa atoke, aende ubalozi mdogo wa Meksiko ulioko nje, aombe viza ya ukazi huko, ndipo arudi.

Nilipofika Ajijic, Bibi alikuwa na wiki mbili tangu arudi kutoka mpakani. Usiku wa tatu hivi tulikuwa jikoni, mimi nimepika wali wa nazi (nazi ya kopo, msinicheke), akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Wewe walikupa siku ngapi?"

Nikaenda kuchukua pasi. Nilifurahi kumwonyesha, mpumbavu mimi. Akavaa miwani, akasoma, akanyamaza. Kisha akafungua droo ya vijiko akatoa FMM yake, imekunjwa mara mbili. Palipoandikwa siku palikuwa na 30.

Sikujua niseme nini. Wewe fikiria: mtu wa Tanzania, mwanafunzi, siku ya tatu nchini, sijui hata kuagiza chai, nina siku 180. Na yeye mwenye pasi ile ambayo watu wa kwetu wanauza ng'ombe ili wakae foleni ya kuiota, mwenye paka, mwenye bogenvilia aliyoipanda mwenyewe ikafika juu ya paa, ana 30, na 16 zimeshatumika. Akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, machozi tu yanashuka huku anaendelea kula wali.

Niseme wazi, afisa yule hakumwonea. Alimuuliza anaishi wapi akasema Ajijic. Alimuuliza anarudi lini Ohio akasema harudi. Mtu amekuambia kwa kinywa chake kwamba yeye si mtalii, utamwandikiaje karatasi ya mtalii? Mimi kama ningekuwa na kalamu ile ningeandika nini, hata sijui.

Nikamuuliza swali ambalo nadhani kila mtu alikuwa amemuuliza. Kwa nini hakuomba ukazi?

Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ambayo sitaisahau. Ukazi wa muda kwa mstaafu unategemea kipato, na kipato chenyewe hupimwa kwa kima cha chini cha mshahara cha Meksiko: uonyeshe unapata kila mwezi sawa na siku 300 za kima hicho, au una akiba ya siku 5,000. Mwaka 2018 kima cha chini kilikuwa peso 88.36 kwa siku. Zidisha kwa 300, unapata kama peso 26,500, ambazo wakati ule zilikuwa pungufu kidogo ya dola 1,400. Pensheni ya Bibi ilikuwa karibu dola 1,480. Angepita. Kwa jasho, lakini angepita. Hakuomba, maana ya nini kuhangaika na ubalozi na picha na makaratasi wakati pale mpakani unapewa nusu mwaka kwa kutabasamu?

Kisha Meksiko ikapata serikali iliyoamua kupandisha mishahara ya watu wake wa chini, na ikapandisha kweli, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2022 kima kilikuwa peso 172.87. Zidisha. Karibu peso 52,000, zaidi ya dola 2,500 kwa mwezi. Pensheni ya Bibi ilikuwa pale pale. Yule binti aliyekuwa akifagia duka la mtaani kwetu aliongezewa mshahara, na ongezeko lile lile likamfungia Bibi mlango. (Mwaka 2025 kima kilifika 278.80. Hesabu fanyeni wenyewe.) Sikumwonea huruma kiasi nilichotakiwa siku ile, nakiri. Kuna sehemu ndani yangu ilikuwa upande wa yule binti wa fagio, na bado ipo.

Lakini kwa nini yuko pale? Aliwahi kuwa na nyumba Ohio. Mumewe akaugua miaka minne, bili za hospitali zikaila, mume akafa, nyumba ikauzwa. Kwa dola 1,480 Ohio ungepanga chumba na kuchagua kati ya dawa na chakula. Ajijic unakula, unanunua dawa, na una bogenvilia. Kwa Kiswahili mtu aliyeacha kwao kwa sababu maisha yamemshinda, akaenda nchi ya watu kwa karatasi ya matembezi na hakurudi, ana jina. Tunalo, na halina heshima. Nilimwambia Bibi hivyo, kwa upole. Alifikiri muda mrefu. Akasema, "Lakini mimi sijachukua kazi ya mtu." Nikamwambia mjomba wangu naye husema hivyo hivyo.

Ni kweli pia kwamba si wote wako kama Bibi. Sensa ya Meksiko ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu 790,000 waliozaliwa Marekani, na wengi wao ni watoto wa Wameksiko waliorudi nyumbani na wazazi wao, hao hawana shida na karatasi. Wanaoonekana zaidi ni wale vijana wa kompyuta za mapajani waliojaa mitaa ya Roma na Condesa kule Mexico City baada ya korona, wanaolipwa dola za San Francisco na kupanga nyumba kwa siku 180 siku 180. Oktoba 2022 Claudia Sheinbaum, wakati ule mkuu wa jiji, alitia saini makubaliano na Airbnb na UNESCO ya kuwavutia waje zaidi. Tarehe 4 Julai 2025, yeye akiwa Rais wa nchi, wakazi wa mitaa ile waliandamana wakisema kodi za nyumba zimewashinda, na baadhi wakavunja vioo vya maduka. Nilizitazama picha zile nikimfikiria Bibi na pazia lake la maua. Kwenye bango la "gringo rudi kwenu" hakuna nafasi ya kueleza bili za hospitali.

Historia nayo ina utani wake. Tarehe 6 Aprili 1830 Meksiko ilipitisha sheria ya kuzuia Wamarekani kuendelea kuhamia Texas, ambayo ilikuwa ardhi yake. Walikuwa wamezidi, hawafuati masharti, na wengi walikuja na watumwa, wakati mwaka uliotangulia Rais Vicente Guerrero, mtu mwenye damu ya Kiafrika, alikuwa ametangaza mwisho wa utumwa. Je, waliacha kuja? Walivuka kimya kimya. Mwaka 1836 Texas ikajitangaza huru, na vita vya 1846 hadi 1848 vilipoisha Meksiko ilikuwa imepoteza karibu nusu ya nchi. Nilikuwa nasoma chuo kilichojengwa juu ya habari hiyo na hakuna mtu aliyenisimulia. Niliisoma Ajijic, kwenye kibaraza.

Sasa mjomba.

Mjomba wangu aliingia Marekani mwaka 1998 kwa viza ya matembezi. Uwanjani walimbania kikaratasi cheupe ndani ya pasi, chenye tarehe ya mwisho miezi sita mbele. Miezi sita, mnaona? Alikwenda kutembea, akapata boksi la kubeba, akatuma ada yangu ya shule, akatuma bati za nyumba ya bibi, na tarehe ikapita. Wakati huo sheria ya 1996 ilikuwa imeshaanza kung'ata: ukikaa Marekani bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha ukatoka, huruhusiwi kurudi miaka mitatu. Ukifikisha mwaka, miaka kumi. Kumbuka inakubana pale unapotoka. Ukibaki ndani, umekaa juu ya mtego na haufyatuki. Kwa hiyo hutoki. Hata kama aliyekuzaa anakufa.

Bibi yangu mzaa mama alifariki Moshi mwaka 2007. Tulimzika kihambani. Mimi ndiye niliyeshika simu juu ya kaburi, Nokia ya mama, nimeweka spika, ili mjomba asikie mchungaji akisoma na udongo ukishuka. Vocha ilikata katikati. Alikuwa mtoto wake wa kiume pekee.

Namba ni ile ile, siku 180. Kusini mwa mto ni zawadi ya mgeni, kaskazini ni urefu wa kamba kabla ya kukaza. Meksiko aliyepitiliza kwa kawaida hulipa faini uwanjani, peso elfu kadhaa, anapanda ndege yake. Wengi wa waliopitiliza wanajulikana mtaani kwa majina na wanakwenda kuona wajukuu na kurudi. Huku kwetu, Oktoba 2025 Watanzania waliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi ya Marekani anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, na sababu iliyotolewa ni watu kupitiliza siku zao. Watu hawajamaliza kushangaa, Desemba hiyo hiyo yakatangazwa masharti makali zaidi ya kuanzia Januari 2026, na jina letu limo. Mmarekani akija kwetu analipa dola 100 za viza na tunampa miezi mitatu mitatu kwa mwaka mzima. Hatujawahi kumwomba dhamana ya ng'ombe hata mmoja.

Basi. Tarehe 27 Desemba usiku, zikiwa zimebaki siku sita, Bibi aliniita sebuleni. Alikuwa ameandika mambo kwenye karatasi. Kutoka na kurudi kulimtisha: vipi wakimwandikia saba safari hii? Vipi wakimkatalia kabisa, na paka yuko ndani? Akaniuliza, kwa aibu, maana alijua anachouliza:

"Mjomba wako. Aliwezaje? Yaani siku kwa siku. Mtu anaishije?"

Nikapiga Houston.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba anko, mbona usiku? Kuna nini?"

Nikamweleza. Akanikatiza.

"Subiri. Huyo bibi ni mzungu?"

"Ndiyo."

"Mmarekani wa kuzaliwa?"

"Wa Ohio."

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikasikia anaweka kikombe chini. Bibi ananitazama, nami nashindwa nimtafsirie nini. Kisha kikawa kimya kirefu nikadhani simu imekatika.

"Mwambie aondoke," mjomba akasema. "Asingoje siku ya mwisho, basi linaweza kuharibika njiani. Siku ya kwanza ukipitiliza unahesabu masaa, anko. Unaona kila polisi amekuja kwa ajili yako. Wiki ikipita unahesabu siku. Mwezi ukipita unaacha kuhesabu. Hapo ndipo ulipokwisha, ukiacha kuhesabu. Mwambie asifike hapo."

Nikamtafsiria. Bibi akaandika, neno kwa neno, kama maelekezo ya dawa.

"Hivi huko ukipitiliza wanakufanya nini?" mjomba akauliza.

"Faini."

"Halafu?"

"Unaondoka."

"Halafu?"

"Wengi wanarudi."

Akanyamaza tena. Akaniuliza faini yenyewe ni kiasi gani. Nikamwambia inategemea, lakini ni hela ambayo mtu anaweza kuwa nayo mfukoni. Akasema haya, msalimie huyo mama, mwambie Mungu yupo, na akakata simu bila kuniaga, jambo ambalo si kawaida yake.

Bibi aliondoka tarehe 30 na begi moja. Mimi nikabaki na paka, na bogenvilia, na siku zangu 180 ambazo sikuwa na matumizi nazo. Alirudi alfajiri ya tarehe 6 Januari, siku ambayo watoto wa Kimeksiko hupewa zawadi, amevimba miguu kwa kukaa ndani ya basi. Alikuwa amepita mpaka mwingine. Hakunisalimia, aliweka karatasi mezani akakaa chini. Ilikuwa imeandikwa 90.

Siku mbili baadaye nilirudi Texas. Yeye yuko kule kule hadi leo, anatoka na kuingia, pensheni imeongezeka kidogo na kima cha chini kimeongezeka zaidi. Kila akirudi hunitumia picha ya karatasi. Nimeona 60, nimeona 180 moja ambayo tuliisherehekea, nimeona 21.

Mjomba bado yuko Houston. Hajawahi kumwona Bibi wala kuzungumza naye, hawana lugha moja ya kutosha, lakini kila nikipiga simu, baada ya salamu na habari za nyumbani, huniuliza safari hii yule mama yako kapewa ngapi. Mara ya mwisho nilimwambia arobaini na tano. Akauliza paka alibaki na nani.